Umechoka Njiani

Nyumbani kwetu Kidia, Old Moshi, umeme ukikatika jioni bibi huwasha taa ya chemli na kusema, "Umechoka njiani." Nikiwa kidato cha tatu niliona kauli hiyo ni fizikia halali kabisa. Tulikuwa tumefundishwa ukinzani: elektroni zinapita kwenye waya, zinasumbuliwa na mtetemo wa atomi, nishati inapotea kama joto. Nikanyoosha mkono. "Je, kuna waya ambao umeme hauchoki?" Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akasema hilo halimo kwenye mtihani. Mwaka mzima niliitwa Waya, na mkono wangu haukunyooka tena hadi chuo kikuu.

Ndiyo maana kisa cha Erasto Mpemba kilinigusa pabaya. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, Tanga, aliogopa kukosa nafasi kwenye jokofu la shule, akaingiza maziwa yake ya aiskrimu yakiwa bado moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine akalipachika jambo hilo jina la dhihaka: fizikia ya Mpemba. Alipomuuliza Dk. Denis Osborne, mgeni kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, wanafunzi wakacheka tena. Osborne aliahidi kulijaribu, na kweli likajaribiwa. Makala yao wawili ilitoka mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, na wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori Mweka.

Mweka! Ukitoka kwetu unashuka Moshi mjini, unaupanda mlima tena, umefika. Nimepita pale mara nyingi bila kujua. (Wapo watafiti waliopima upya na kuandika, mwaka 2016, kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha. Sawa. Angalau wamepima.)

Swali langu mimi lilikuwa limejibiwa kabla bibi hajazaliwa. Mwaka 1911, Leiden, Uholanzi, maabara ya Heike Kamerlingh Onnes iliipoza zebaki hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri, na ukinzani ukatoweka. Ikaitwa supakondakta. Mwaka 1986 Georg Bednorz na Alex Müller, katika maabara ya IBM karibu na Zürich, wakakuta tabia hiyo kwenye seramiki yenye oksidi ya shaba. Seramiki, ndugu yake kikombe na kigae! Mwaka uliofuata ikapatikana nyingine inayoweza kazi hiyo kwenye nyuzi 180 chini ya sifuri, baridi inayofikiwa kwa naitrojeni ya kimiminika, ambayo ni rahisi sana kuliko heli.

Tasnifu yangu ya uzamili inahusu tando za seramiki hizo, nyembamba sana. Humo elektroni husafiri mbilimbili, na mkondo wao hufanya visulisuli, kama maji ya mfongo yanapopita jiwe pale chini ya mgomba wetu. Kisulisuli hukifuti kwa kukilainisha. Kinatoweka kikikutana na kinachozunguka kinyume chake. Kuhesabu vitu vyenye ukaidi wa namna hiyo ni kazi ya topolojia. Kwenye baridi ya kutosha visulisuli hukaa jozi, kimoja cha kulia na kimoja cha kushoto. Joto likipanda, jozi zinaachana, kila kimoja kinazurura, na ukinzani unarudi. Berezinskii, Mrusi, aliliona hilo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kosterlitz na Thouless wakafika hapohapo kwa njia yao. Hawa wawili walipata sehemu ya Nobeli mwaka 2016. Berezinskii alikuwa ameshafariki.

Likizo iliyopita bibi aliniuliza, "Huo waya wako umeshapatikana?"

"Upo, bibi. Ila unataka baridi."

Akanyoosha kidole kuelekea Kibo. "Kuliko kule?"

"Kule ni joto kabisa."

Akacheka, akaendelea kumenya ndizi. "Na kwa nini hauchoki?"

"Elektroni zinashikana mikono, mbilimbili."

"Si ulisema zinasukumana?"

Nilimwambia ni kweli, zinasukumana.

"Sasa nani anazishikanisha?"

Kwa metali za kawaida jibu lipo tangu mwaka 1957: ni mtetemo wa atomi zenyewe. Kwa seramiki hizi wanafizikia bado wanabishana, na wengine wanashuku ni huko kusukumana kwenyewe.

"Hilo ndilo nimeenda kusoma, bibi."

"Haya. Lete sufuria."