Rufaa kuhusu maswali ya mwendesha mashtaka: kinachosomwa ni kumbukumbu

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

MTU aliyetiwa hatiani na Mahakama ya Wilaya ya Ngara au ya Biharamulo, mkoani Kagera, hupeleka rufaa yake Mahakama Kuu mjini Bukoba. Akilalamika kwamba mwendesha mashtaka aliwalisha mashahidi maneno, jaji kwa kawaida hawaiti upya mashahidi hao. Husoma mwenendo wa shauri ulioandikwa na hakimu.

Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 hairuhusu upande uliomleta shahidi kumwuliza swali linalodokeza jibu, mathalani “Ulimwona mshtakiwa akiswaga ng’ombe wale, sivyo?”, iwapo upande wa pili umepinga na mahakama haijaridhia. Kwa mambo ya utangulizi au yasiyobishaniwa, mahakama huridhia. Katika dodoso, yaani shahidi anapohojiwa na upande wa pili, swali hilohilo ni halali.

Ugumu uko kwenye kalamu. Kwa mujibu wa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, hakimu huandika ushahidi kama masimulizi, si swali na jibu. Swali la hila hutoweka, likabaki jibu kana kwamba shahidi alilitoa mwenyewe. Kabla ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kumbukumbu hizo ziliandikwa kwa Kiingereza, hata kama shahidi wa Ngara alisema Kihangaza kupitia mkalimani.

Hata hivyo, hakimu ana hiari ya kuandika swali fulani pamoja na jibu lake. Mshtakiwa asiye na wakili, ambaye ndiye huumia zaidi, hana budi kupinga papo hapo na kuomba liandikwe. Kwa anayekabiliwa na miaka 30 jela, adhabu ya chini ya unyang’anyi wa kutumia silaha, hilo si jambo dogo.

Kosa peke yake halitoshi. Mrufani lazima aonyeshe kwamba haki ilipotea. Mahakama Kuu yaweza kuuweka kando ushahidi huo na kupima uliobaki. Kusikiliza kesi upya hakuamriwi ili upande wa mashtaka uzibe mapengo yake, msimamo uliowekwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1966.

Taarifa ya kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10, na sababu za rufaa ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala. Mfungwa huziwasilisha kupitia mkuu wa gereza. Aliyechelewa huomba kuongezewa muda kwa sababu za msingi.