Posta ya Usita wa Mui

Katika mji wa Lamu, kando ya Usita wa Mui, njia kuu ya ndani inayofuata ufuo, iko nyumba ya mawe iitwayo Posta ya Wajerumani. Tangu 1996 imekuwa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na tangu 2001 imo ndani ya mji mkongwe uliotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Mpangaji aliyeipa jina hilo alikaa muda mfupi mno: alifungua mlango tarehe 22 Novemba 1888, akaufunga Machi 1891. Ni nadra nyumba ya Waswahili kukumbukwa kwa jina la mgeni aliyekaa humo muda mdogo hivyo.

Maelezo wanayopewa watalii yamezoea kuiita posta ya kwanza ya Afrika Mashariki. Sivyo. Unguja ilikuwa na posta iliyoendeshwa na Serikali ya India ya Waingereza tangu 1875. Lililo kweli ni kwamba hiyo ndiyo posta ya kwanza ya Dola ya Ujerumani katika mwambao huu. Unguja, Bagamoyo na Dar es Salaam zilipata za kwao 1890. Basi kwa nini Lamu, mji mdogo wa kisiwani uliokuwa na liwali wa Sultani wa Zanzibar, upate posta ya Berlin karibu miaka miwili kabla ya miji ambayo baadaye ndiyo ilikuja kuwa makao ya Wajerumani?

Jibu liko ng'ambo ya maji, bara, katika Witu. Ahmed bin Fumo Luti, maarufu kwa jina la Simba, alikuwa wa ukoo wa Nabahani uliotawala Pate kwa karne nyingi. Ukoo huo uliposhindwa na nguvu za Mabusaidi, Simba alijitenga katika msitu wa Witu, akakusanya watu wake pamoja na watumwa waliotoroka mashamba ya mwambao. Yeye alitafuta mlinzi dhidi ya Zanzibar. Ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walitafuta ardhi. Aprili 1885 wakaandikiana mkataba, na Mei ya mwaka huohuo Berlin ikatangaza kuwa Witu iko chini ya himaya yake. Yaelekea kila upande ulidhani kuwa ndio unaomtumia mwenziwe.

Witu ilikuwa na ardhi, lakini bandari iliyozoewa na wafanyabiashara ilikuwa Lamu, na Lamu ilibaki mikononi mwa Sultani kwa mujibu wa mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886. Septemba 1888 Imperial British East Africa Company ikapata hati yake ya kifalme. Kampuni hiyo na ile ya Wajerumani wa Witu zote ziliutolea macho ushuru wa forodha ya Lamu. Miezi miwili baadaye posta ikafunguliwa Usita wa Mui. Wazungu waliokuwa Lamu na Witu wakati huo walihesabika kwa vidole, na barua zao zisingedai ofisi. Lakini muhuri wenye jina la Lamu, ukipigwa juu ya stempu ya Ujerumani, ulikuwa dai lililosafiri mpaka Ulaya bila askari hata mmoja. Ni vigumu kuisoma tarehe ile kwa namna nyingine. Dai lenyewe halikufika mbali: Agosti 1889 Baron Lambermont wa Ubelgiji, aliyeteuliwa kuwa msuluhishi, aliona kuwa kampuni ya Wajerumani haikuthibitisha haki yake juu ya forodha hiyo.

Kulikuwa na kichekesho pia. Ujerumani haikuwa na njia yake ya kudumu ya meli za barua hadi 1890, ilipoanzishwa Deutsche Ost-Afrika Linie. Kabla ya hapo barua zilizotoka pwani hii zilitegemea zaidi meli za British India, kampuni ya Kiingereza iliyoiunganisha Zanzibar na Aden tangu 1872. Tai wa Ujerumani aliyechapwa kwenye stempu alikuwa abiria wa mshindani wake.

Stempu hizo zilikuwa zilezile zilizotumika Hamburg au Berlin, zenye thamani ya pfennig, katika mji uliofanya hesabu zake kwa rupia na reale. Wakusanyaji wa stempu huzitafuta sana leo kwa sababu ya muhuri wa Lamu. Zilizo na uzito zaidi kwa historia ya Waswahili hawazithamini kwa kiasi hicho: ni zile za 1889 zijulikanazo kama stempu za Suaheliland, zilizotolewa kwa ajili ya Witu, zenye maandishi ya herufi za Kiarabu. Simba alikuwa amefariki mapema mwaka huo na Fumo Bakari akashika nafasi yake. Nchi za nje hazikuzitambua stempu hizo, na mkono wa Wajerumani ulikuwamo katika kuzitoa. Hata hivyo ni dalili kwamba dola ndogo ya Kinabahani ilianza kuonekana kama nchi yenye posta yake na hati yake yenyewe.

Haikupata muda. Julai 1890 Ujerumani na Uingereza zilitia saini mkataba wa Heligoland, na Witu ikatolewa kwa Waingereza bila wenyewe kuulizwa. Septemba, Mjerumani Andreas Küntzel na wenzake kadhaa waliuawa huko. Oktoba, majeshi ya Waingereza yaliyoongozwa na Admirali Fremantle yakauteketeza mji wa Witu kwa moto. Fumo Bakari alifariki mapema 1891, na kabla ya majira ya kaskazi kwisha, posta ya Lamu nayo ikafungwa.

Wakati wote huo mji ulikuwa ukiandikiana barua kwa njia zake. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Maskati, Hadhramauti na Bara Hindi, na pamoja na tende na samaki wa chumvi zilikuja nyaraka mikononi mwa manahodha. Kusi ikarudisha majibu. Nchi kavu kulikuwa na matarishi. Karatasi ilikunjwa, jina la mpelekewa likaandikwa juu yake, ikakabidhiwa mtu anayejulikana. Dhamana ilikuwa uso wa mchukuzi. Barua yenyewe ilikuwa na adabu zake: hutangulia vyeo na sifa za mwandikiwa, zikafuata salamu na kuuliziana hali, ndipo shughuli iingie, mara nyingi kwa maneno machache kuliko salamu, kisha majina ya wote nyumbani wanaosalimu na tarehe ya Hijra. Waraka ni nusu ya kuonana, na nusu hiyo haikuharakishwa.

Wajerumani wenyewe walilijua hilo. Carl Büttner, aliyefundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki iliyoanzishwa Berlin mwaka 1887, alichapisha 1892 mkusanyiko wa maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu ili wanafunzi wake waweze kuzisoma barua za pwani. Ofisi ya Usita wa Mui ilileta bei maalumu na muhuri. Ustadi wa barua iliukuta.

Ndiyo maana jina la makumbusho hayo linastahili kujadiliwa. Kumbukumbu ya Wajerumani kuwapo Lamu ni sehemu ya historia na haina haja ya kufichwa, lakini nyumba ya barua katika mji kama huu ingeweza kuwa pia mahali pa nyaraka za wenyeji: za biashara, za ndoa, za masharifu na wanafunzi wao, za waliohamia Maskati na Jidda. Miswada ya Msikiti wa Riyadha imekwisha kupigwa picha, na husomwa katika tovuti ya Maktaba ya Uingereza. Nyaraka za majumbani hazina bahati hiyo, nazo huliwa na mchwa na unyevu.

Muhamadi Kijuma, mshairi, mchongaji na khatati wa Lamu, alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na ushei posta ile ilipofunguliwa. Kazi zake nyingi zilivuka bahari miongo kadhaa baadaye, zama za Waingereza: alinakili tenzi kwa ajili ya Alice Werner, akaandikiana na William Hichens aliyekuwa Uingereza, na miswada hiyo imehifadhiwa SOAS, London. Ernst Dammann, aliyekaa Lamu kwa muda katika miaka ya 1930, alitegemea sana kalamu yake. Mkusanyiko wa Dammann wa mashairi ya lahaja ya Kiamu ulitoka Hamburg mwaka 1940. Vita vilikuwa vimekwisha kuikata njia ya posta baina ya Ujerumani na Lamu, na Kijuma alifariki 1945, mwaka vilipomalizika.