Andrew Carnegie: Mali Ilivyochumwa na Ilivyotolewa

Mali ina milango miwili, mmoja wa kuingilia na mmoja wa kutokea. Wasimulizi wengi wa maisha ya matajiri husimama katika mlango mmoja tu. Aliye katika mlango wa kutokea huona ukarimu, akasifu. Aliye katika mlango wa kuingilia huona jasho la watu wengine, akalaumu. Katika matajiri waliotokea Marekani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, Andrew Carnegie, bwana wa chuma cha pua wa Pittsburgh, ndiye amlazimishaye msomaji kusimama katika milango yote miwili.

Alizaliwa Dunfermline, Uskoti, tarehe 25 Novemba 1835. Baba yake, William, alikuwa mfumaji wa nguo za kitani, mtu mwenye ufundi na heshima yake. Mitambo ya mvuke ilipoenea, nguo zilifumwa kwa wingi na kwa bei ndogo, na kitanda cha mfumi kilichokuwa kikilisha nyumba kikawa hakina faida. Mwaka 1848 jamaa ile ilivuka bahari ikaenda kukaa Allegheny, karibu na Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania. Huko mtoto Andrew aliingia katika kiwanda cha pamba, kazi yake kubadili vijiti vya uzi, kwa mshahara wa dola 1.20 kwa juma. Basi mtu aliyekuja kuwa bwana wa mitambo alikuwa mtoto wa mtu aliyeshindwa na mitambo.

Kutoka kiwandani akawa tarishi wa ofisi ya simu. Hakuridhika na kupeleka barua za simu. Alijifunza kuzifahamu alama zake kwa sikio, ufundi ambao watu wachache walikuwa nao wakati ule. Katika siku zile zile Kanali James Anderson aliwafungulia vijana wa kazi maktaba yake mwenyewe, na Andrew akawa miongoni mwa walioazima vitabu. Fadhili hiyo hakuisahau. Mwaka 1853 Thomas Scott, mkubwa katika Reli ya Pennsylvania, alimchukua kuwa karani wake kwa dola 35 kwa mwezi, akamfundisha biashara ya hisa. Hundi ya kwanza ya faida ilipofika, ya dola 10, kijana alitambua jambo jipya: kuna fedha isiyotoka katika jasho la mwenye kuipokea.

Alipanda cheo katika reli, akanunua hisa katika madaraja, mafuta na magari ya kulala abiria. Mwishoni mwa 1868, akiwa na umri wa miaka 33, alijiandikia waraka wa siri. Pato lake lilikuwa limefikia dola 50,000 kwa mwaka. Aliazimia kuiacha biashara baada ya miaka miwili, ajifunze elimu, kwa kuwa alihofu kwamba ibada ya fedha itamshusha utu wake. Azimio lilikuwa jema, lakini halikutimizwa. Miaka 32 mingine ilipita kabla hajaiacha biashara.

Mwaka 1875 kiwanda chake kikubwa cha Braddock kilianza kutoa reli za chuma cha pua kwa njia ya Bessemer, ambayo hupuliza hewa katika chuma kilichoyeyuka ili kuziunguza taka zake. Wenzake wengi walipiga hesabu ya faida mwisho wa mwaka. Carnegie alitaka kujua gharama ya kila tani, na ya kila hatua ya kazi. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Huyu daftari lake halikulala. Lakini daftari lina upofu wake. Madini, makaa na mshahara vimo katika safu moja, na jicho lililozoea kupunguza haliulizi ni kipi kati ya hivyo chenye mke na watoto.

Hapo ndipo milango miwili ilipoanza kugongana. Mwaka 1888, baada ya ugomvi mkali, wafanyakazi wa Braddock walirudishiwa zamu ya saa 12 badala ya saa 8. Mwaka uliofuata, katika mji huo huo, Carnegie alifungua maktaba, ya kwanza kati ya alizojenga Marekani. Mwaka huo huo wa 1889 alichapisha makala yake mashuhuri juu ya utajiri. Alifundisha kwamba tajiri ni mdhamini tu wa mali kwa faida ya umma, na kwamba afaye na mali nyingi mkononi hufa na aibu. Aliongeza hoja nyingine isiyokumbukwa sana: mali ikigawanywa kidogo kidogo kwa watu wengi, itapotea katika matumizi ya ovyo, afadhali mwenye busara aikusanye, kisha aitoe kwa jambo kubwa.

Hoja hiyo ilitiwa katika mizani mwaka 1892 katika kiwanda cha Homestead. Carnegie, ambaye mwaka 1886 alikuwa ameandika kuitetea haki ya wafanyakazi kuwa na vyama, alikwenda Uskoti, akaacha mambo mikononi mwa Henry Clay Frick, na kwa barua akamuunga mkono. Frick alizungushia kiwanda ua mrefu, akafunga milango, akaajiri walinzi 300 wa kampuni ya Pinkerton. Alfajiri ya tarehe 6 Julai walinzi hao walifika kwa matishari katika mto Monongahela. Wafanyakazi waliwangoja ukingoni. Walipigana mchana kutwa, na watu wapatao kumi wa pande zote mbili walikufa. Gavana alileta askari wa jimbo, kiwanda kikafunguliwa kwa wafanyakazi wapya, na mwezi wa Novemba mgomo ukavunjika. Chama kilikufa Homestead. Mwaka 1898 maktaba nzuri ilifunguliwa katika mji huo.

Mwaka 1901 J. P. Morgan, mwenye benki wa New York, alikinunua kila kilichokuwa cha kampuni ya Carnegie kwa dola milioni 480, akaunda kampuni ya kwanza duniani yenye mtaji uliozidi dola milioni 1,000. Carnegie alianza kutoa. Kwanza alitenga dola milioni 4 kwa wafanyakazi wake wazee na walioumia. Jumla ya maktaba alizogharimia ilikuwa 2,509. Alipofariki tarehe 11 Agosti 1919 alikuwa ametoa kiasi cha dola milioni 350. Hata Afrika ya Mashariki iliguswa: Shule ya Jeanes ya Kabete, Kenya, iliyoanzishwa 1925 kufundisha walimu wa vijijini, ilisaidiwa na mfuko aliouacha.

Si haki kuiita sadaka hiyo unafiki. Tarishi aliyeazima kitabu kwa Anderson alijua thamani ya kitabu, na maelfu ya watoto wa maskini walisoma kwa sababu yake. Lakini kosa la hoja yake limo katika Homestead. Alidhani kwamba ujira ukiongezwa hununua ovyo, na kumbe ujira na saa ndivyo vinunuavyo nafasi ya kusoma. Zamu ya saa 12 haikuondolewa katika viwanda vile mpaka 1923, miaka minne baada ya kifo chake. Mtu atokaye tanurini baada ya saa 12 hana macho ya kusomea, hata akijengewa maktaba mlangoni pake.

Sadaka hutolewa kwa hiari ya mtoaji. Ujira ni haki ya mpokeaji. Carnegie alitimiza la kwanza kuliko karibu matajiri wote wa zama zake. La pili alilijua, akaliandika kwa kalamu yake mwenyewe, kisha akaliacha kwa mtu mwingine akaenda zake likizo.