Uchaguzi wa Lenzi na Mipangilio ya Kamera katika Kupiga Picha za Ndege Zilizo Katika Mwendo

Ndege ya kwanza ya Serikali aina ya Boeing 787-8 Dreamliner ilipowasili katika Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere (JNIA), Dar es Salaam, Julai 8, 2018, magurudumu yake yaligusa lami mara moja tu. Tukio la namna hiyo halirudiwi, na mpigapicha asiyeandaa kamera mapema huikosa picha ambayo ingebaki katika kumbukumbu za Taifa.

Uamuzi wa kwanza ni kasi ya shata, nao hutegemea aina ya injini. Ndege ya jeti haina shida: 1/1000 ya sekunde au zaidi huigandisha vizuri, pamoja na matone ya maji inayomwagiwa na magari ya zimamoto wakati wa mapokezi.

Ndege ya pangaboi ndiyo huwaponza wengi. Pangaboi la Dash 8-Q400 lina mapanga sita na huzunguka takribani mara 1,020 kwa dakika wakati wa kuruka. Kwa shata ya 1/1000, kila panga husogea nyuzi sita tu, hivyo ndege huonekana kana kwamba imezimika injini ikiwa angani. Kwa 1/125, panga husogea nyuzi 49 hivi, na kwa kuwa kati ya panga moja na jingine kuna nyuzi 60, picha huonyesha duara karibu kamili. Helikopta, ambayo panga lake kuu huzunguka polepole zaidi, huhitaji 1/60 au pungufu. Kasi hizo ndogo humtaka mpigapicha aifuate ndege kwa kugeuza kiuno, si mikono, na aendelee kuifuata hata baada ya kubonyeza. Picha nyingi zitaharibika. Ni vyema kupiga kwa mfululizo.

Kuhusu lenzi, wengi hukimbilia ndefu kuliko inavyohitajika. Kwa kamera yenye kihisi cha upana wa milimita 36, lenzi ya milimita 200 huona upana wa mita 36 kwa umbali wa mita 200. Q400, yenye urefu wa mita 33 hivi, huenea humo kwa shida. Dreamliner, yenye mita 57, hukatwa mkia. Lenzi ya kuvuta ya milimita 70 hadi 200 hutosheleza shughuli nyingi za mapokezi, na ya 100 hadi 400 hufaa kwa anayesimama mbali.

Tundu la f/8 na ISO 100 hadi 400 hutosha mchana. Ulengaji uwe wa kufuata kitu kinachosogea, na pale anga jeupe linapoifanya ndege ionekane nyeusi, mwanga uongezwe kidogo.

Hata hivyo, hakuna lenzi inayoshinda joto la lami. Kuanzia saa 4 asubuhi hewa ya moto juu ya njia ya kurukia hutetemeka na kuyayusha maandishi ubavuni mwa ndege, na kadiri mpigapicha anavyosimama mbali ndivyo hali inavyozidi. Dawa yake ni kusogea karibu au kuwahi asubuhi. Kusogea huko ndani ya uzio wa kiwanja huhitaji kibali cha uongozi wa kiwanja husika, ambacho huombwa kabla ya siku ya tukio.