Mkono na Sauti: Tarehe ya Ufundi wa Injini Ndogo za Reli

Tarehe ya ufundi huu haianzii juu ya meza ya wapenzi wa garimoshi dogo, bali yaanzia katika reli kubwa za Marekani, zama ambapo mabehewa yaliunganishwa kwa pete ya chuma na pini nene, naye mtumishi wa garimoshi hana budi kusimama baina ya mabehewa mawili yanayosogeleana ili aitumbukize pini mahali pake. Na wengi walirejea makwao wamepungukiwa vidole, na wengine hawakurejea. Mwaka 1873 Eli Janney wa Virginia, aliyekuwa karani wa duka la nguo, aliandikiwa haki ya uvumbuzi wa kiungio kilichofanana na mikono miwili iliyokunjwa vidole, ambayo ikigusana hushikana yenyewe; na mwaka 1893 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kuzilazimisha reli zitumie viungio vya kujifunga. Basi kila fundi aliyekuja baadaye kuunda injini ndogo kwa mfano wa zile kubwa alirithi madeni mawili: kuipa mkono, na kuipa sauti.

Deni la sauti ndilo lililotangulia kulipwa, ingawa kwa kiasi kidogo tu. Kampuni ya Lionel, aliyoiasisi Joshua Lionel Cowen mjini New York mwaka 1900, ilitoa mwaka 1935 garimoshi lenye filimbi iliyopulizwa na kipepeo cha umeme kilichofichwa ndani ya behewa la makaa. Mwaka huo huo wa 1935 wapenzi wa fani hii walikutana Milwaukee, Wisconsin, wakaunda chama chao cha taifa, NMRA, kwa kuwa walichoka kuona gurudumu la kiwanda hiki halikai katika reli ya kiwanda kile.

Ama katika habari ya mkono, chama hakikufaulu kama kilivyotaraji. Kipimo cha HO, ambacho injini yake ni sehemu moja katika 87 ya ile halisi, kilipoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wanachama walibuni kulabu ya plastiki iliyoitwa X2F. Nao wenye viwanda katika miaka ya 1950 wakaipokea kwa kuwa ni rahisi kuifanya, wakaitia katika kila sanduku walilouza, hata ikawa ada, ilhali chama chenyewe hakikuipitisha kamwe kuwa kanuni. Kulabu hiyo haikufanana na kiungio cha reli yoyote duniani. Waliomfuata Janney kwa uaminifu ni ndugu wawili pacha wa Oregon, Keith na Dale Edwards, ambao herufi za mwanzo za majina yao, K na D, ndizo zilizozaa jina la Kadee: mkono wao wa chuma ulikuwa na kamani ndogo kama unywele, na chini yake waya uliopinda mfano wa mpira wa breki za upepo, nao huvutwa na sumaku iliyofichwa kati ya reli, mabehewa yakaachana pasipo kuguswa na mtu. Hakuna baraza lililoamuru; watu walinunua, wakang'oa kulabu za plastiki, na haki ya uvumbuzi ilipokwisha muda wake, viwanda vingine vikaiga.

Sauti ilikwenda njia nyingine, maana yenyewe ilihitaji lugha kabla ya koo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nyumba ya Lenz, ya Giessen huko Ujerumani, ilibuni namna ya kupitisha amri katika reli zile zile zinazopitisha umeme, kila injini ikisikia jina lake peke yake. Nao NMRA, safari hii kwa azimio rasmi, wakaufanya mfumo huo kuwa kanuni mwaka 1994, ukajulikana kwa herufi DCC. Hapo ndipo watengenezaji SoundTraxx wa Durango, Colorado, mji ambao garimoshi la mvuke la kweli hupiga filimbi hadi leo likielekea Silverton, na ESU wa Ulm, Ujerumani, walipoweza kutia ndani ya kibao kidogo kuliko kidole, kiitwacho dikoda, kinachozipokea amri hizo, sauti zilizonaswa kwa injini halisi.

Kwa hiyo injini kuukuu ni kama daftari la fani nzima, na fundi aifunguaye huzisoma zama zake moja baada ya moja. Chukua ile ya Irvin Athearn wa California, iliyouzwa katika sanduku la buluu: brashi ya chini ya mota yake hugusa mwili wa chuma, na mwili hupokea umeme wa reli, jambo lisilokuwa na dhara zamani, lakini leo huiunguza dikoda mara moja. Basi la kwanza ni kuitenga mota na chuma kwa utepe usiopitisha umeme, na kuhakikisha kwa mita. Kisha waya mwekundu na mweusi huenda relini, wa rangi ya chungwa na wa kijivu huenda kwenye mota. Spika nayo sharti ifungiwe katika kijumba kisichopenya hewa, kwani mawimbi ya nyuma yakikutana na ya mbele hubatilishana, sauti ikabaki mnong'ono. Mwisho huja mkono: kulabu ya plastiki hung'olewa, kiungio kikawekwa, kimo chake kikalinganishwa na kipimo, kikapakwa unga wa grafiti, wala si mafuta, ambayo hukusanya vumbi.

Injini ikisharudi relini, huitika kwa nambari 3, ambayo dikoda mpya hutoka nayo kiwandani, nayo hurudi nyuma taratibu mpaka mkono ukashika behewa kwa mlio mdogo. Mwili wake ni wa California, mkono wa Oregon, sauti ya Ulm. Na kidole pekee kilicho hatarini katika kazi hii yote ni cha fundi mwenyewe, akiishika pasi ya kulehemu upande wa moto.