VIFUNGASHIO VYETU, SEHEMU YA 4: Kutoka debe hadi chupa ya maji

Tunaendelea na mfululizo wetu, na leo naanza na zamu moja ambayo sijaisahau.

Mama aliingia mbio, mtoto wa mwaka na nusu begani. Mtoto anakohoa, nguo zinanuka mafuta ya taa. Mkononi mama kashika chupa ya maji ya dukani, ile ya nusu lita. Akaniambia, "Nesi, alidhani ni maji."

Lile neno limekaa na mimi hadi leo. Mtoto hakukosea, jamani. Chupa ndiyo ilimdanganya.

Sasa turudi nyuma kidogo, uone tumefikaje hapa.

Kama una bibi huku Rufiji au Kibiti, muulize vitu vilibebwa na nini zamani. Atakutajia pakacha la makuti kwa samaki na maembe, tenga kwa kuku, kanda la ukili kwa mpunga, kibuyu kwa asali, mtungi kwa maji. Kila chombo na kazi yake. Ukiona mtungi, unajua ni maji. Hata mtoto anajua. Na chombo kikichakaa, kinarudi shambani kuwa udongo.

Halafu likaja debe. Mwishoni mwa karne ya 19 mafuta ya taa kutoka Marekani yalifika Zanzibar na pwani yetu ndani ya makopo ya bati, makopo mawili kwenye sanduku moja la mbao. Mafuta yalipokwisha, nani angetupa bati zuri vile? Likachotea maji, likakatwa likawa koroboi, likakunjuliwa likaziba paa. Likawa na kipimo kabisa: hadi leo mpunga na mahindi tunapima kwa debe, karibu lita 20. Yaani kifungashio cha mafuta kimegeuka kizani chetu sote. Kabla watu hawajaanza kuongelea "utunzaji wa mazingira" kwenye semina, bibi zetu walikuwa hawatupi kitu.

Lakini angalia jambo moja. Debe la mafuta ni kubwa, ni zito, linanuka, halionyeshi kilichomo. Mtoto wa miaka miwili hawezi kuliinua akanywa.

Baadaye ikaja chupa ya soda ya kioo. Hiyo unairudisha dukani, inaoshwa, inajazwa tena. Utaratibu mzuri sana. Ila zile zilizobaki nyumbani tukaanza kuzitilia mafuta ya taa na kuziba kwa karatasi, na hatari ikaanzia hapo.

Mwaka 1973 Mmarekani Nathaniel Wyeth akasajiliwa kuwa mgunduzi wa chupa ya plastiki ambayo soda haiwezi kuipasua. Ni nyepesi, haivunjiki, inaona ndani. Ndiyo hii hii imejaa mtaani leo. Wanaokumbuka foleni ya kivuko cha Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003, wanajua jinsi msafiri anavyothamini chupa ya maji safi. Mimi siichukii. Tatizo lake ni kwamba haina sura yake yenyewe. Ukitia maji ni maji, ukitia mafuta ya taa au dawa ya kuosha choo, bado inasema "maji".

Wenzetu walilifanyia kazi hili. Mwaka 1967 huko Windsor, Kanada, daktari wa watoto Henri Breault, aliyechoka kuona watoto waliokunywa sumu, alisukuma hadi kikapatikana kifuniko cha kubonyeza huku unazungusha, ambacho mtoto mdogo anashindwa kukifungua. Mwaka 1970 Marekani ikatunga sheria ya vifungashio vya aina hiyo kwa dawa na kemikali za nyumbani.

Sisi mafuta ya taa tunapimiwa dukani kwenye chupa tuliyokuja nayo. Hapo hakuna kifuniko cha daktari. Kifuniko ni wewe.

Serikali yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia 1 Juni 2019, na ile ya rambo ikapungua kweli barabarani. Lakini hakuna sheria itakayoingia jikoni kwako kukagua chupa. Kwa hiyo tufanye hivi:

Mafuta ya taa yawe na dumu lake moja, miaka yote. Lipake rangi au lifunge kitambaa chekundu, kila mtu nyumbani alijue. Liwe juu, si chini ya kitanda wala nyuma ya mlango. Chupa ya maji au soda itumie tena, sawa, lakini kwa maji tu.

Na ikitokea mtoto kanywa: USIMTAPISHE. Mafuta yakirudi juu yanaingia kwenye mapafu, na huko ndiko yanakoua. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula, yanaweza kumtapisha. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi, mkimbize kituo cha afya na ile chupa, hata kama anaonekana mzima. Kikohozi na kupumua haraka vinaweza kuja baada ya saa kadhaa.

Yule mtoto wetu jirani alishampa maziwa, akatapika njiani. Alilazwa siku tano na nimonia. Alipona, Mungu ni mwema. Mama yake aliniambia siku ya kutoka, "Nesi, nikifika nyumbani naanza na ile rafu ya chini."

Na wewe leo kabla hujalala, anza na ya kwako.

Sehemu ya 5: vifungashio vya dawa, na kwa nini usihamishie vidonge kwenye kikaratasi.