Proksi: Shahidi au Kielelezo?

Mwishoni mwa 1975, huko Shuihudi katika mkoa wa Hubei, China, lilifukuliwa kaburi la karani wa dola ya Qin aliyezikwa karibu na mwaka 217 KK. Pamoja na maiti yake vilikutwa vipande zaidi ya 1,100 vya mianzi vyenye maandishi, vingi vikiwa vya sheria. Sheria moja ya mashamba inamwagiza ofisa wa wilaya aandike taarifa kila inaponyesha mvua ya kufaa wakati nafaka inatoa masuke, aeleze ni mashamba ya ukubwa gani yamenufaika. Akiona ukame, upepo mkali, mafuriko au nzige, aandike vilevile, na ataje eneo lililoharibika. Wilaya za jirani zipeleke barua kwa tarishi wa miguu, za mbali zitumie matarishi wa serikali wa kupokezana, na zote ziwe zimefika kabla ya mwezi wa nane kwisha. Dola ilitaka kujua mapema itakusanya nafaka kiasi gani; habari za mvua zilikuwa habari za kodi. Desturi hiyo ilibadilika sura mara nyingi, ikafa na kufufuka, lakini ilidumu kwa namna moja au nyingine mpaka utawala wa Qing ulipoanguka mwanzoni mwa karne ya 20. Leo watafiti wa tabianchi wanazisoma karatasi zake kwa lengo ambalo karani yeyote wa zamani angelishangaa: kujua hewa ilikuwaje kabla ya kuwepo kipimajoto.

Karatasi hizo, katika lugha ya watafiti, ni proksi. Istilahi hii inajumuisha kila kitu kinachotumika badala ya kipimajoto au kipimamvua kwa miaka ambayo vyombo hivyo havikuwepo: pete za ukuaji wa miti, tabaka za tope la ziwani, mawe yanayokuzwa na matone mapangoni, viputo vya hewa vilivyonaswa ndani ya barafu, na maandishi. Kiingereza kililitoa neno hilo kwenye mambo ya vikao, ambako proksi ni mtu anayempigia kura mwenzake asiyehudhuria. Kulitafsiri kwa Kiswahili kumekuwa na mashaka. Kiwakilishi kimeshachukuliwa na wanasarufi, na mwanafunzi yeyote wa sekondari atafikiria mimi, wewe na yeye. Kiashiria ni cha wachumi, nacho hueleza mambo yanavyokwenda sasa. Wakala amehamia kwenye kibanda cha kutoa pesa kwa simu. Ushahidi wa mazingira lingekuwa jina zuri mno kama mahakama zisingekuwa zinalitumia kwa jambo jingine kabisa. Hata hivyo ni mahakama hizohizo zinazotuonyesha njia, kwa sababu zina maneno mawili mahali ambapo wanasayansi wana moja. Mtu aliyeona na kusema ni shahidi. Kisu, risiti au picha inayowekwa mbele ya hakimu ni kielelezo. Vyote viwili ni ushahidi, lakini havipimwi kwa namna moja. Pendekezo langu ni kwamba proksi kwa ujumla iitwe ushahidi wa tabianchi, na chini yake tutenganishe vielelezo, yaani miti, tope, mawe na barafu, na mashahidi, yaani watu walioandika. Kumbukumbu za China ndizo zinazoonyesha vizuri kuliko zote kwa nini mgawanyo huo una kazi ya kufanya.

Tumtazame shahidi mmoja kwa karibu. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 17, chini ya mfalme Kangxi, maofisa wa mikoani walipeleka ikulu barua zilizosomwa na mfalme mwenyewe, na mvua haikukosekana humo. Taarifa hizo hujulikana kama Yu Xue Fen Cun, maana yake mvua na theluji kwa fen na cun. Cun moja ya wakati wa Qing ni kama sentimita 3.2, na fen ni sehemu yake ya kumi. Theluji ilipimwa kina chake juu ya ardhi. Mvua ilipimwa kwa kuchimba: ikishakatika, shimo lilifukuliwa shambani, wakatazama ubavuni mwake pale udongo mbichi unapokutana na udongo mkavu, wakapima kutoka juu hadi kwenye mpaka huo. Barua ikisema mvua imezama cun 4, basi maji yalishuka kama sentimita 13. Kwa mkulima kipimo hiki kina akili kuliko milimita zetu, maana kinamwambia moja kwa moja kama mzizi umepata maji. Kwa mtafiti ni mtihani. Mvua ileile huzama zaidi kwenye kichanga kuliko kwenye mfinyanzi, na zaidi kwenye ardhi iliyokwisha kulowa kuliko iliyokauka. Mvua ya kishindo nayo hukimbilia mtoni kabla haijazama. Ge Quansheng, Zheng Jingyun, Hao Zhixin na wenzao wa Akademia ya Sayansi ya China walilazimika kurudi shambani, wakamwagia udongo maji ya kiasi kinachojulikana na kupima yamefika wapi, ndipo wakapata njia ya kugeuza cun kuwa milimita. Kazi hiyo iliwapa mvua ya sehemu 17 za bonde la kati na la chini la Mto Manjano tangu 1736. Wengi huita kazi ya namna hii kujenga upya tabianchi ya kale. Mimi napendelea kusema kukadiria, kwa kuwa hakuna jengo lililobomoka; kuna makisio yenye kiwango cha shaka, na neno linalokificha kiwango hicho halimsaidii msomaji.

Beijing ina shahidi wa aina nyingine. Qing Yu Lu, daftari la jua na mvua, liliandikwa siku hadi siku kuanzia 1724 hadi 1903. Linasema siku fulani ilikuwa kavu au ya mvua, mvua ilianza na kukatika saa gani, na kama ilikuwa ya manyunyu au kubwa, ila halisemi ilikuwa kiasi gani. Bahati ni kwamba wamisionari wa Urusi walikuwa na vyombo vya kupimia hewa mjini humo kuanzia 1841. Kwa miaka ambayo daftari na vyombo vinakwenda pamoja, inawezekana kuona idadi ya siku za mvua inalingana vipi na milimita, kisha uhusiano huo ukarudishwa nyuma hadi 1724. Mahali pengi pa China hapana bahati hiyo: wilaya ziliacha kuandika kumbukumbu zao kwa mtindo wa kale kabla vyombo havijaenea, na shahidi akaondoka kabla hajapatikana wa kumlinganisha naye.

Hapo ndipo mahojiano yanapohitajika, na maswali ya kumhoji mwandishi hayafanani na yale ya kuchunguza mti. Ofisa wa Qing alijua kwamba taarifa ya ukame ingeweza kuleta msamaha wa kodi na nafaka kutoka ghala la serikali, hivyo alikuwa na sababu ya kuongeza chumvi. Alijua pia kwamba maafa yangeweza kuhesabiwa kuwa dosari ya uongozi wake, hivyo alikuwa na sababu ya kunyamaza. Wanahistoria wa ikulu walikuwa na sababu nyingine tena: kwa imani kwamba mbingu humwonya mfalme mbaya, mafuriko na baridi zisizo za kawaida zilikuwa habari, na mwaka wa mavuno mema haukuwa na la kuandikwa. Sehemu ya dawa ilikuwa ndani ya utawala wenyewe, kwa sababu gavana, mkuu wake na msimamizi wa viwanda vya hariri waliweza kuandika kila mmoja kwa wakati wake juu ya mji uleule, na bei za nafaka nazo zilipelekwa ikulu. Aliyedanganya kuhusu mvua ilimpasa adanganye kuhusu bei pia. Tatizo gumu zaidi ni ukimya. Mwaka 1981 idara ya hali ya hewa ya China ilichapisha atlasi ya ukame na mvua ya vituo 120 tangu 1470, iliyotolewa kwa sehemu kubwa kwenye kumbukumbu za wilaya. Kila mwaka ulipewa daraja, kuanzia 1 kwa mvua nyingi mno hadi 5 kwa ukame mkubwa, na 3 ikiwa ya kawaida. Ni kazi kubwa iliyotumiwa na vizazi viwili vya watafiti. Lakini daraja la 3 lina hatari yake, kwa sababu mwaka mtulivu na mwaka ambao mwandishi alikuwa amekimbia vita vinaweza kufanana kwenye karatasi. Mti haukimbii vita.

Zhu Kezhen, mtaalamu wa hali ya hewa aliyewahi pia kuongoza Chuo Kikuu cha Zhejiang, aliwaita mashahidi na vielelezo kwa pamoja katika makala yake ya 1972 kuhusu tabianchi ya China kwa miaka 5,000. Alitumia mifupa ya kale, tarehe za kuchanua kwa miti, maziwa yaliyoganda, na michungwa ya Jiangxi iliyouawa na baridi mwaka 1654 na tena 1676. Mchango wake haupingiki. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba karatasi hizi zinaweza kuulizwa maswali ya sayansi. Baadhi ya hoja zake, hata hivyo, zinatuonyesha jinsi shahidi anavyoweza kueleweka vibaya. Tembo waliishi kaskazini mwa China zamani, kisha wakarudi kusini. Hilo lilichukuliwa kuwa dalili ya baridi kuongezeka, na baridi kweli ilichangia. Lakini Mark Elvin, katika kitabu chake cha 2004 kuhusu historia ya mazingira ya China, aliwafuatilia tembo hao na kukuta shoka la mkulima mbele yao karibu kila mahali. Shahidi alisema kweli kuwa tembo wameondoka. Kilichowafukuza hakukisema.

Mtu wa takwimu atapinga mgawanyo wote huu. Kwake, mfululizo wa namba ni mfululizo wa namba: upana wa pete ya mti na daraja la ukame vyote hulinganishwa na vipimo vya leo, vyote hupewa kiwango cha makosa, na basi. Nakubali kwamba hesabu ya mwisho ni moja, ndiyo maana nimeacha neno moja la jumla, ushahidi. Ila makosa yenyewe hayatoki chanzo kimoja. Kosa la mti linatokana na umri wake, kivuli cha jirani yake, mteremko uliootea; haliongezeki kwa sababu kodi imepanda. Kosa la mwandishi hufuata historia ya watu, na mara nyingi hukua wakati uleule tunaotaka sana kuujua, kama miaka ya 1640 nasaba ya Ming ilipoanguka katikati ya ukame, njaa na uasi. Kuhusu ukame huo tuna bahati: atlasi ya ukame wa Asia iliyotolewa na Edward Cook na wenzake mwaka 2010 kutokana na pete za miti inauonyesha pia, na miti haikuwa na upande katika vita vile.

Pingamizi la pili ni kubwa zaidi: ikiwa mwandishi ana sababu za kupotosha, kwa nini tusikiamini kielelezo pekee? Kwa sababu kielelezo hakijielezi. Mwaka 2007 utafiti wa tope la ziwa la Huguangyan, kusini kabisa mwa Guangdong, ulipima madini ya titani kama alama ya nguvu za pepo za baridi, ukadai kwamba pepo hizo zilipokuwa kali mvua za msimu wa joto zilikuwa dhaifu, na kwamba nasaba ya Tang ilianguka katika hali hiyo. (Nasema msimu wa joto na kukwepa kiangazi, maana kule miezi ya joto ndiyo ya mvua.) Zhang De'er na Lu Longhua walijibu kwa maandishi ya wakati wenyewe: baridi kali na ukame havikwenda pamoja kama ilivyodaiwa. Tope lilikuwa na titani kweli. Maana iliyopewa titani hiyo ndiyo iliyopingwa, na waliokuwa na uwezo wa kuipinga ni watu waliokufa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Joto la Julai 1743 ni mfano wa upande wa pili. Wilaya za kaskazini ziliandika juu ya joto lililoua watu njiani. Padri Mjesuti Antoine Gaubil, aliyekuwa Beijing, aliandika kwamba maskini 11,400 walikufa mjini na viungani kati ya tarehe 14 na 25. Na kipimajoto kilichokuwepo mjini, kikigeuzwa kwa vipimo vya leo, kilifika nyuzi 44.4 za Selisiasi. Hakuna pete ya mti inayoweza kutuonyesha siku 12.

Linabaki swali la kama Kiswahili kinahitaji tofauti hii nje ya habari za China. Utafiti wa tope la Ziwa Naivasha uliochapishwa mwaka 2000 na Dirk Verschuren na wenzake ulifuatilia unyevu na ukavu wa miaka 1,100 hivi, kisha ukalinganisha vipindi vya ukavu na masimulizi ya mdomo ya Afrika Mashariki kuhusu njaa, machafuko na kuhama. Kwa istilahi ninazopendekeza, waandishi hao waliweka kielelezo mezani na kuita mashahidi. Mashahidi hao hawakuwa na cun wala tarehe, na hesabu ya vizazi ndiyo kalenda waliyokuwa nayo, kwa hiyo kuwahoji kunataka utaalamu tofauti na ule wa kuhesabu tabaka za tope. Mhariri anayeandika proksi kwa vyote viwili hajakosea. Ila msomaji wake hataona kwamba katika sentensi ileile kuna kitu kilichopimwa na mtu aliyeaminiwa.